Barua ya wazi kwa mawaziri na viongozi wa TUCTA: kikokotoo kimekata mshahara wetu, sio zawadi yenu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira, na ninyi ndugu viongozi wa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, pamoja na vyama vyote vilivyo chini yake.

Salamu kwenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, nimebakiza miaka michache nistaafu, na nawaandikia hadharani kwa sababu kwenye vikao vya chama ngazi ya wilaya suala la kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao yetu ya kustaafu, likiguswa tu jibu ni lile lile, limeshafika juu, linafanyiwa kazi, tuvute subira. Subira tumevuta tangu 2018. Na najua wengine mnaona hili jambo limeshaisha kwa sababu bajeti ya 2024/25 iliongeza mkupuo, ile hela ya mara moja unayopewa ukistaafu, kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa sisi tuliokuwa tunapata 50, na kutoka 33 hadi 35 kwa wale waliokuwa kwenye 25, mkapigiwa makofi bungeni, basi. Kwetu huku halijaisha na nitawaonyesha kwa hesabu.

Siku moja mapumziko ofisini tulikaa walimu kadhaa tukachukua daftari la mazoezi tukaanza kupiga, maana kila mtu alikuwa anasema lake. Tukasema tuchukue mwalimu wa mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi, amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara tuuache hapo hapo ili hesabu isituchanganye. Kwa mwaka ni 14,400,000. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko yetu ya pensheni ya wakati ule, ulikuwa unazidisha mara 360 unagawa kwa 540, unapata pensheni ya mwaka 9,600,000, nusu yake unazidisha mara 15.5 ndo mkupuo: 74,400,000. Nusu nyingine inagawanywa kwa miezi 12, kwa hiyo kila mwezi unaobaki kuishi unapata 400,000. Kwa kanuni ya sasa unagawa kwa 580, pensheni ya mwaka inashuka mpaka kama 8,938,000, asilimia 40 yake unazidisha mara 12.5, mkupuo unakuwa 44,690,000 hivi, na kila mwezi 447,000 kasoro kidogo.

Yaani mkupuo umepungua kwa karibu milioni 30, na kilichoongezeka kwa mwezi ni elfu 47 isiyotimia. Mwalimu mwenzetu wa hisabati darasa la saba akagawa ile milioni 29 na laki saba kwa hiyo elfu 47, akapata miezi 633. Ni zaidi ya miaka 52. Mtu anastaafu na miaka 60, ili hiyo nyongeza ya kila mwezi imrudishie alichokatwa inabidi aishi mpaka miaka 112. Ofisi nzima ilinyamaza. Mwalimu mmoja mama ambaye anastaafu mwaka huu akaomba ile karatasi akaikunja akaiweka kwenye mkoba, hakusema neno.

Sasa waheshimiwa mnaposema kwamba kikokotoo kipya kimeboresha pensheni ya mwezi, ni kweli namba ya mwezi imepanda, lakini hamsemi imepanda kwa gharama ya nini, na hamgusi kabisa ile 540 kuwa 580 na ile 15.5 kuwa 12.5. Watu wote wanabishana kuhusu asilimia, 33, 35, 40, hata bungeni kelele zote zilikuwa kwenye asilimia, wakati hizo namba mbili nyingine ndo zimekula sehemu kubwa kimya kimya. Hata leo mkiturudishia asilimia 50 yenyewe, kwa kigawanyo hiki na kizidisho hiki mwalimu wetu wa mfano anapata milioni 55 na laki nane, sio 74. Wangapi kati ya wanachama mnaowawakilisha wanalijua hilo? Chama kimewahi kupita shule kwa shule kulieleza?

Msimamo wangu ni huu, na nimeutafakari muda mrefu. Pensheni ni mshahara. Mimi nakatwa asilimia 5, mwajiri anaweka 15, na hiyo 15 mnaiita mchango wa serikali kana kwamba imetoka mfukoni kwa mtu mwenye huruma, wakati ni sehemu ya ujira wangu ambayo niliambiwa nitapewa nikizeeka, na kwa ahadi hiyo nilikubali kufanya kazi kwa mshahara mdogo miaka yote hii. Nimefundisha darasa la watoto zaidi ya mia, wamekaa watano dawati moja, nimefundisha miaka ile ambayo mishahara ilikuwa karibu imesimama kuanzia 2016 hadi 2021, sikuacha kazi. Ukibadilisha masharti ya malipo mtu akiwa ameshaifanya kazi kwa miaka 25, hayo si maboresho ya mfumo, ni kukata mshahara wa kazi iliyokwishafanyika. Hilo nisingelikubali kwa mwenye kiwanda na silikubali kwa serikali.

Mtaniambia mfuko ungekufa. Sawa, tuongelee kwa nini mfuko ulifika hapo, maana hii ndo sehemu ambayo huwa mnaipita mbio mbio. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali hatukuwa tunachangia, serikali ilikuwa inalipa pensheni yenyewe. Ilipoanzishwa PSPF, mfuko ukabebeshwa wazee wote waliofanya kazi miaka ya nyuma, bila hela yao kuja nao, kwa ahadi kwamba serikali italipa. Ikachelewa kulipa miaka zaidi ya 20! Wakati huo huo mifuko ikaambiwa ijenge, ikakopesha serikali, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kimejengwa na hela za wastaafu na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, mwaka hadi mwaka zimekuwa zikikumbusha kwamba serikali haijarudisha. Halafu ajira zikasimamishwa 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi, orodha ya kwanza ya vyeti feki peke yake ilikuwa na watu 9,932, wachangiaji wapya hawaingii na wanaostaafu wanazidi. Mpaka Desemba 2021 ndo serikali ikatoa hati fungani isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni. Nashukuru ilitolewa, lakini jamani hati fungani isiyo taslimu ni karatasi ya deni kubadilishwa kuwa karatasi nyingine ya deni yenye tarehe, na mzigo wa kusubiri hizo tarehe umewekwa kwa nani? Kwa mwalimu, kwa nesi, kwa bwana shamba, kwa katibu muhtasi wa halmashauri, ambao kwenye kila hatua ya hiyo hadithi hawakuulizwa na hawakukosa kuchangia hata mwezi mmoja kwa sababu makato yao yanatoka kabla hawajaiona hela.

Kwa hiyo deni ni la mwajiri na aliyelipishwa ni mfanyakazi. Ningependa kusikia waziri yeyote akisimama kukanusha hilo kwa hesabu, sio kwa maneno ya uendelevu wa mfuko.

Na wabunge waliopitisha bajeti hizi, kiinua mgongo chao wanakipata kila baada ya miaka mitano, kwa mkupuo, chote. Sisemi wanyang'anywe. Nasema hakuna aliyewaambia kwamba wakipewa chote watakichezea.

Maana hiyo ndo hoja nyingine tunayopigwa nayo, kwamba mstaafu akipewa hela nyingi anaoa mke wa pili, ananunua gari bovu, baada ya mwaka yuko barabarani anaomba. Wapo, nawajua wawili. Lakini njooni muone wengi. Mwalimu anastaafu akiwa bado anaishi kwenye nyumba ya kupanga au kwenye chumba kimoja cha shule ambacho anatakiwa akitoke ampishe mwingine, kiwanja alinunua zamani kikabaki na msingi tu, mkopo wa benki haujaisha, salari slipu imebakia ile theluthi moja ya kisheria na juu yake kuna kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ambayo haionekani kwenye slipu, mtoto wa mwisho yuko chuo. Mkupuo kwake ndo mara ya kwanza kwenye maisha yake kushika hela ya kutosha kuezeka nyumba. Kuna baba mmoja alistaafu kwetu, alikuwa amehesabu bati, mbao, na pampu ya maji ya bustani, akaviandika vyote kwenye kijitabu chake kwa kalamu nyekundu kama anavyosahihisha, na kwa kikokotoo cha zamani vyote vilitimia. Alipopata barua ya mafao akakata pampu, akakata mbao za vyumba viwili. Nyumba ameezeka upande mmoja.

Hapa nataka nigeuke niongee na wenzangu, watu wa mrengo wa kushoto, maana huu mjadala upo ndani yetu pia na mawaziri watafurahi tukiukwepa. Kuna makomredi nawaheshimu wanaosema kudai mkupuo ni mawazo ya kibepari, kwamba hifadhi ya jamii ya kweli ni pensheni ya kila mwezi mpaka kufa, na mtu anayetaka milioni 70 kwa pamoja anataka kuwa mwenye duka na nyumba za kupangisha. Kwenye karatasi wako sahihi. Nchi ambayo mzee ana nyumba ya umma ya kodi nafuu, anatibiwa bila kutoa hela, mjukuu anasoma bila michango, pensheni ya mwezi inatosha na mkupuo hauna maana sana. Lakini sisi tulikwenda njia nyingine. Hospitali zikaanza kutoza tangu 1993, nyumba za serikali zikauzwa miaka ile ya mwanzo ya 2000, mashirika ya umma yakabinafsishwa, chuo kikuu kikawa cha mkopo. Kila huduma iliyoondolewa mikononi mwa umma ilihamia kwenye mfuko wa mtumishi, na mfuko wenyewe ulikuwa unategemea siku moja tu kubwa, siku ya mkupuo. Huwezi kubinafsisha nyumba, matibabu na elimu halafu ukaja na pensheni ya mwezi kwa mwezi ukasema huu ndo ujamaa. Rudisheni kwanza huduma, tutaongea habari ya mkupuo mdogo tukiwa tumekaa vizuri.

Wengine wanasema, na hii inaniuma zaidi kwa sababu ina ukweli, kwamba watumishi wa umma ni wachache sana ukilinganisha na wakulima, machinga, bodaboda, mama lishe, watu ambao hawana pensheni ya aina yoyote, kwa hiyo kelele za kikokotoo ni kelele za waliobahatika. Mama yangu alilima maisha yake yote na alikufa hajawahi kupata shilingi ya uzeeni kutoka kwa mtu yeyote zaidi ya watoto wake. Najua. Ila kumkata mwalimu hakukumpa mkulima kitu, hakuna hata senti iliyotoka kwenye kikokotoo ikaenda kwa mama lishe. Anayetaka haki ya mkulima aangalie Zanzibar, tangu 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni jamii, alianza na elfu 20 kwa mwezi, leo elfu 50, awe alikuwa mvuvi, awe alikuwa mkwezi wa karafuu, haulizwi alichangia wapi. Ni ndogo, lakini ni haki na sio hisani. Kwa nini bara tushindwe? TUCTA ingebeba madai haya mawili kwa pamoja, kikokotoo cha watumishi na pensheni ya wazee wote, hakuna mtu angesimama kutuita wabinafsi, na machinga angekuwa na sababu ya kutuunga mkono tunapogoma.

Nimetaja kugoma. Ndugu viongozi wa vyama, sasa nakuja kwenu, na naongea kama mwanachama anayekatwa asilimia 2 kila mwezi.

Kikokotoo cha Julai 2022 serikali ilisema kimekubaliwa na pande tatu, yaani serikali, chama cha waajiri ATE, na ninyi. Hamkukanusha. Baadhi yenu mlipita mkikitetea kuliko hata mawaziri. Nani aliwatuma? Kulikuwa na mkutano gani wa wanachama, kura gani, karatasi gani ilishuka tawini ikasema hii ndo rasimu, toeni maoni? Tawini kwetu haikufika. Mwaka 2018 kanuni zilipokuja na asilimia 25 kwa wote, ni kelele za wafanyakazi wa kawaida ndo zilifanya Rais Magufuli azisimamishe tarehe 28 Desemba, kikao cha Ikulu, mpaka 2023. Mlipewa miaka minne ya kujiandaa. Mkaja na 33, na ikaanza kabla hata hiyo 2023 haijafika.

Najua historia yetu ni nzito. TFL, shirikisho letu la kabla ya uhuru, ilikuwa chama cha wafanyakazi kweli kweli, kiligoma enzi za mkoloni, 1964 baada ya maasi ya jeshi kikavunjwa ikaundwa NUTA, katibu mkuu wake akiwa waziri wa kazi yule yule, halafu JUWATA ikawa jumuiya ya chama tawala, halafu OTTU, mpaka TUCTA ilipozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 tukaambiwa sasa tuko huru. Mimi ni mtu wa Azimio la Arusha, silifichi, naamini lile Azimio lilikuwa sahihi kuhusu nani anapaswa kumiliki uchumi. Lakini lilipofika suala la wafanyakazi kujiamulia mambo yao, serikali yetu ya kijamaa ilikosea, na tunaolipenda Azimio ndo tunaotakiwa kulisema hilo wa kwanza. Chama kinachoshikiliwa na dola kinazoea kuangalia juu. Na makato ya moja kwa moja kwenye mshahara yamewazoesha vibaya zaidi, hela inaingia mfanye kazi msifanye, hata asiyekuwa mwanachama anakatwa ada ya uwakala, kwa hiyo hamna sababu ya kuja tawini kutuuliza. Tunawaona Mei Mosi, na tisheti na kofia, na risala inayosomwa kwa mgeni rasmi kwa kuomba, tunaomba mheshimiwa, tunaomba.

Najua pia sheria haiko upande wetu. 2012 walimu tuligoma tarehe 30 Julai, siku chache tu baadaye Mahakama Kuu kitengo cha kazi ikasema mgomo ni batili, tukarudi madarasani. Mwaka huo huo madaktari waligoma na Dk. Steven Ulimboka akatekwa, akapigwa, akatupwa msitu wa Mabwepande. 2010 TUCTA ilipotaka kima cha chini cha 315,000 na kutangaza mgomo, Rais Kikwete aliongea na wazee wa Dar es Salaam na mgomo ukayeyuka. Kwa hiyo siwaambii kugoma ni kazi rahisi, wala siwaiti waoga mkiwa mnaogopa kitu cha kuogopwa. Lakini kati ya kugoma na kukubali kila kitu kuna mambo mengi katikati ambayo hamjayafanya hata moja. Hamjaenda mahakamani kuhoji kubadilishiwa masharti kwa miaka ya kazi iliyokwishapita. Hamjadai ripoti ya tathmini ya mfuko iwekwe wazi kila mtu aisome, ili tujue kama 12.5 imetoka kwenye umri wa kweli wa wastaafu au imetoka kwenye shimo la deni. Hamjapiga kura ya wanachama kuwauliza tu, mnakitaka au hamkitaki.

Hayo ndo ninayoyaomba, na kwa ninyi viongozi siombi, ninadai, kwa sababu ni hela yangu. Ripoti ya tathmini itoke, kwa Kiswahili, iwe na deni lote la serikali na waajiri wengine kwa kila mfuko na tarehe ya kulilipa. 540 na 15.5 zirudi kwa miaka yote ya utumishi ya kabla ya Julai 2022, kwa wote waliokuwa nazo, na wenzetu wa mifuko mingine ya pensheni, iliyokuwa PPF na NSSF, ambao walikuwa wanabanwa na asilimia 25 wapandishwe wafike kwetu, sio sisi tushushwe tuwafuate. Wawakilishi wa wafanyakazi kwenye bodi za mifuko wachaguliwe kwa kura na wanachama na waripoti kwetu kila mwaka, wasiwe wanaokotwa na katibu mkuu wa chama. Na hela ya mfuko isiingie kwenye mradi wowote wa serikali bila mkataba wa marejesho uliowekwa wazi, tumeshaona ya UDOM, na wenzetu wa NSSF wameshaona ya mradi wa nyumba wa Dege kule Kigamboni.

Waheshimiwa mawaziri mtasema hela haipo. Kupandisha kima cha chini cha mshahara wa serikali kutoka 370,000 hadi 500,000 mwaka 2025 kulisemekana hakuwezekani pia, miaka mingi, mpaka ikaamuliwa. Ni suala la nani anatangulia kulipwa kwenye foleni, na kwa sasa wenye hati fungani za riba wanalipwa kwa tarehe, wazabuni wakubwa wanalipwa, na mwalimu aliyestaafu anaambiwa aishi miaka 112.

Nategemea majibu kabla ya Mei Mosi ijayo, kwa maandishi, yabandikwe hadharani kama nilivyobandika haya. Yasipokuja, sisi walimu wa tawi letu tumeshakubaliana siku hiyo hatutavaa tisheti za chama wala kuandamana nyuma ya bango lake, tutaandamana na karatasi zetu za hesabu, kila mtu ya kwake, yenye mshahara wake na miaka yake, na tunawaalika manesi, watu wa halmashauri, na wastaafu waje na zao.

Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mwanachama hai, tawi la wilaya.